Pepo Akanena, Kiti Kikanyamaza

Jina Liuhua lina maana ya maua yatiririkayo. Inasimuliwa kwamba katika zama za dola ya Han ya Kusini, iliyotawala sehemu hizi za Guangzhou kati ya mwaka 917 na 971, wajakazi wa kasri walikuwa wakitupa maua yaliyonyauka katika kijito, nayo yakaelea hadi chini ya daraja lililokuja kuitwa kwa jina hilo. Siku hizi kinachotiririka Liuhua ni watu na mizigo. Mwaka 1974 stesheni mpya ya treni ilifunguliwa hapa, na mwaka huohuo Maonyesho ya Biashara ya Canton yakahamia jirani yake. Maonyesho hayo yaliondoka kwenda Pazhou mwaka 2008, lakini maduka ya nguo za jumla yalibaki, na wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanaendelea kuyafuata.

Mmoja wao, mtu wa Kariakoo niliyekuwa nikimfanyia ukalimani, alinikuta siku moja kwenye benchi kando ya ziwa la bustani ya Liuhua, nikisubiri marobota yake yafungwe. Nilikuwa na vipokea sauti masikioni. "Kaka, unasikiliza nini hata salamu huisikii?" aliniuliza. Nikamjibu kwamba nasikiliza hadithi ya majini ya Kichina. Akacheka, akasema majini ya kwao yanamtosha.

Sikusema uongo. Kilichokuwa masikioni mwangu kweli kilikuwa hadithi ya wafu wanaoamshwa na mizimu inayohojiwa kwa nyuzi za ala. Lakini jibu langu lilikuwa nusu. Nusu ya pili ni kwamba hadithi yenyewe ni ya wanaume wawili wapendanao. Nimelifikiria sana jibu hilo tangu siku ile, kwa sababu naona kwamba halikuwa langu peke yangu. Utanzu mzima ninaokusudia kuujadili hapa hulitoa jibu hilohilo kila unapoulizwa wewe ni nini: hutanguliza majini, kisha hungoja kuona kama muulizaji ataendelea kuuliza.

Wachina huuita utanzu huo danmei, neno lililotokana na Kijapani, lenye maana ya kuzama katika uzuri. Ni riwaya za mapenzi baina ya wanaume, aghalabu huandikwa na wanawake na kusomwa zaidi na wanawake, na nyingi zilistawi katika tovuti ya Jinjiang iliyoanzishwa mwaka 2003. Kutoka maandishini huingia masikioni kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kitabu cha sauti chenye msomaji mmoja. Ya pili ni mchezo wa redio wenye waigizaji wengi, muziki na vishindo, ambao siku hizi hauhitaji redio bali simu tu. Jambo hili si geni Guangzhou. Wazee wa mji huu walikulia katika sanaa ya usimulizi wa Kikantoni redioni, ambapo bingwa kama Zhang Yuekai alizibeba riwaya za kale kwa mdomo mmoja, majeshi na wafalme wote ndani yake. Nasi pia tuliolelewa kwa "paukwa, pakawa" hatuhitaji kufundishwa kwamba hadithi huanzia sikioni.

Nianze na jambo ambalo msikilizaji wa Kiswahili atalitambua upesi kuliko msikilizaji wa Kiingereza. Katika Kichina cha Mandarini, kiwakilishi cha nafsi ya tatu husikika *ta*, awe anayetajwa ni mwanamume au mwanamke. Tofauti imo katika maandishi tu, na hata hiyo ni ya juzi: herufi maalumu ya kumwandikia mwanamke ilienea mwanzoni mwa karne ya 20. Kikantoni nacho kina neno moja kwa wote. Sisi tunasema *anampenda*, na sarufi yetu haitoi habari yoyote kuhusu jinsia ya apendaye wala ya apendwaye. Mwandishi wa Kiingereza anayesimulia mapenzi ya wanaume wawili hulazimika kutangaza jambo hilo katika kila sentensi. Kwa Mchina na kwa Mswahili, kinachotangaza ni koo la mwigizaji. Sauti mbili nzito zinaposemezana kwa upole, ndipo tunapojua. Kwa hiyo katika lugha hizi usikilizaji si njia ya uvivu ya kusoma. Ni kitendo kingine kabisa, kwa kuwa sikio linabebeshwa kazi ambayo sarufi imeikataa.

Ndiyo maana naona kwamba mchezo bora wa kundi hili ni ule ambao muujiza wake wenyewe umejengwa juu ya sikio. Mfano wangu ni *Mo Dao Zu Shi*, riwaya ya mwandishi anayetumia jina la Mo Xiang Tong Xiu, iliyoanza kutolewa Jinjiang mwaka 2015 na kufanywa mchezo wa sauti katika jukwaa la Maoer kuanzia mwaka 2018. Wei Wuxian, mchawi aliyechukiwa na koo zote kubwa, amekufa miaka kumi na mitatu iliyopita. Anaamshwa na kuingizwa katika kiwiliwili cha kijana mwingine, Mo Xuanyu. Sura yake si yake, kimo chake si chake, na yeye mwenyewe anapania asitambuliwe. Siku moja mlimani anachonga filimbi ya mwanzi, na katika kumtuliza mfu aliyekasirika anapiga, bila kuwaza, wimbo wa polepole uliomjia tu. Lan Wangji, aliyemjua zamani, anamshika mkono. Baadaye sana tunaelezwa sababu: wimbo ule Lan Wangji aliutunga mwenyewe, akamwimbia Wei Wuxian mara moja tu, pangoni, alipokuwa hoi kwa homa. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeujua.

Msomaji wa riwaya huarifiwa kuwa palikuwa na wimbo. Msikilizaji hufikwa na wimbo wenyewe, naye huwekwa mahali pa Lan Wangji: haoni sura, hana ushahidi wowote ila sauti. Waigizaji Lu Zhixing, anayemwigiza Wei Wuxian, na Wei Chao, anayemwigiza Lan Wangji, wanalielewa hili vizuri. Wei Chao hasa anaigiza kwa kunyima. Mhusika wake husema maneno machache, na mwigizaji hayajazi kwa kilio wala kwa pumzi za mahaba. Huyaacha makavu, kiasi kwamba badiliko dogo la kasi ya usemi linatosha kutujulisha kuwa amekwisha kumtambua mwenzake na ameamua kunyamaza. Kichina kina neno kongwe la urafiki wa aina hii, *zhiyin*, yaani aijuaye sauti. Linatokana na kisa cha Bo Ya, mpiga zeze ambaye mtu mmoja tu, Zhong Ziqi, aliuelewa muziki wake. Mtu huyo alipofariki, Bo Ya alizikata nyuzi, asipige tena. Kiswahili hakina neno moja lenye maana hiyo, ingawa *msiri* na *mwandani* yanaikaribia. Mchezo huu unalirejesha neno *zhiyin* kwenye maana yake ya awali: kumpenda mtu ni kuijua sauti yake hata ikitoka katika mwili wa mwingine.

Kipimo changu kinatoka hapo. Muujiza katika hadithi ya mapenzi una haki ya kuwapo pale unapouliza swali ambalo uhalisia haungeweza kuliuliza kwa ukali uleule. Swali la *Mo Dao Zu Shi* ni hili: ukiondolewa uso, jina na sifa, nani atakujua? Kuna hadithi nyingi za utanzu huu ambazo hazifiki hapo. Muujiza wake ni dawa inayomlevya mmoja wa wawili, au laana isiyotanguka ila kwa kulala pamoja, au hatima iliyoandikwa mbinguni kabla hawajazaliwa. Katika hadithi hizo muujiza hauulizi, unasamehe. Unamwondolea mhusika wajibu wa kuchagua, na unamwondolea msikilizaji wajibu wa kukubali kwamba mwanamume anaweza kumpenda mwanamume kwa hiari na akiwa na akili timamu. Katika sauti udhaifu huu ni dhahiri kuliko katika maandishi, maana mwigizaji aliyepewa laana badala ya hiari hana cha kuigiza ila kuhema.

Hata hivyo, kadiri nilivyorudia kuusikiliza mchezo huu ninaousifu, ndivyo jambo moja lilivyozidi kunisumbua, nalo linahitaji msamiati wa pwani ili lisemeke.

Kwetu, pepo anapompanda mtu, mtu huyo huitwa kiti. Pepo hukalia kiti na kunena kupitia kinywa chake. Pepo wa kiume anaweza kumpanda mwanamke. Wale wa kibuki, ambao Unguja hunasibishwa na Bukini, huja na tabia, ulaji na lugha yao wenyewe. Walioko kilingeni humtambua aliyefika kwa kunena kwake. Kwa hiyo mwili mmoja wenye nafsi mbili si ajabu kwa msikilizaji aliyekulia Zanzibar au Tanga. Lakini kilinge kina kanuni. Pepo hukaribishwa, husikilizwa, hupewa haki yake, kisha huondoka, na kiti hurudi. Hupewa maji, huulizwa hali yake. Kiti ana jina, ana watoto, ana shughuli zake za kesho. Hakuna anayedhani kwamba mwenye mwili amekoma kuwa mtu kwa sababu pepo amenena vizuri.

Sasa tumtazame Mo Xuanyu. Huyu ni mwana wa nje wa mkuu wa ukoo mtukufu. Alichukuliwa na baba yake, kisha akafukuzwa kwa aibu kwa sababu ilijulikana kwamba anawapenda wanaume. Aliporudi kijijini kwa mama yake alipigwa, alinyang'anywa vyake, akaitwa mwendawazimu. Mwishowe alichora duara la damu, akautoa mwili na roho yake kuwa kafara ili Wei Wuxian aje kumlipizia kisasi. Roho yake haitarudi. Katika mchezo mzima wenye wachawi, wafalme wa ukoo na mizimu, yeye ndiye mtu aliyejulikana hadharani, mchana, kwa jina ambalo jamii huwapa watu wa namna hiyo. Naye ndiye ambaye hatumsikii akisimulia maisha yake. Habari zake tunazipata vinywani mwa waliomdhihaki.

Jambo ni zito zaidi ya hapo. Wei Wuxian, katika vipindi vya mwanzo, anaitumia sifa mbaya ya mwenye mwili kama vazi la mzaha: anajilegeza, anapiga mayowe, anajifanya mpenda wanaume ili Lan Wangji amchukie na kumfukuza. Lu Zhixing anaziigiza sehemu hizo kwa ustadi, na kwa kweli zinachekesha. Nilicheka. Baadaye, mzaha unapogeuka kuwa kweli na mapenzi makuu yanapozaliwa, yanatendeka katika mwili uleule uliofukuzwa kwa sababu ya mapenzi hayohayo. Aliyeitwa mwendawazimu ametoweka. Amekaliwa na shujaa ambaye mapenzi yake yanaitwa ya kishairi. Pepo amenena, kiti kimenyamaza, na hakuna aliyeleta maji.

Mtu anaweza kujibu kwamba kisa cha kafara ndicho kinachoiendesha taharuki, na kwamba majeraha mikononi mwa Wei Wuxian, yanayofutika kila kisasi kinapotimia, yanatukumbusha mwenye mwili. Ni kweli. Lakini jeraha linalofutika ni kumbukumbu ya deni, si kumbukumbu ya mtu. Deni likilipwa, mtu husahaulika kwa halali.

Desturi hii ya kuutumia mwili wa mwingine ni kongwe katika fasihi ya Kichina. Pu Songling, aliyeandika dibaji ya *Liaozhai Zhiyi* mwaka 1679, ana kisa cha Huang Jiulang, kijana mzuri ambaye kumbe ni mbweha. Msomi He Shican anampenda hadi anadhoofika na kufa, kisha anaamka katika mwili wa ofisa mwingine aliyekufa. Ila kwa Pu Songling mwili mpya ni tiba: akiwa ndani yake, He anamwoa binamu wa Jiulang, na mwandishi anafunga kisa kwa maandiko ya dhihaka juu ya mapenzi ya wanaume. Katika danmei mwili mpya ni mlango, unamfikisha mhusika kwa mwanamume mwenzake badala ya kumwondoa kwake. Kati ya karne ya 17 na leo muujiza umegeuzwa uso, na hayo ni maendeleo makubwa. Kisichogeuka ni kwamba lazima mtu fulani awe amekwisha kufa ili hadithi ianze.

Nililinganisha na kitabu cha sauti kutoka Marekani, *Under the Whispering Door* cha TJ Klune, kilichotoka mwaka 2021 na kusomwa na Kirt Graves. Wallace, wakili mwenye moyo mgumu, anakufa, anapelekwa kwenye duka la chai linalowapokea wafu, na huko anampenda Hugo, mwenye duka, ambaye yu hai. Mzimu na aliye hai hawawezi kugusana. Hapa mfu ni mpendwa mwenyewe. Hakuna kiti aliyefukuzwa ili apatikane mahali pa kukaa. Na kwa kuwa msomaji ni mmoja, wapenzi wote wawili hutoka katika koo moja, jambo ambalo mwanzoni niliona ni upungufu na baadaye nikaliona kuwa jibu: wasiogusana wamekutana ndani ya pumzi moja. Ila Klune naye anaogopa gharama. Mwishoni Wallace anarudishiwa uhai kwa hisani ya mwenye mamlaka ya kifo, na swali zito la namna ya kumpenda usiyeweza kumshika linaondolewa mezani kabla halijajibiwa. Mchezo wa Kichina unalipa gharama yote, ila unaitoa katika mfuko wa mtu mwingine.

Kwa nini utanzu unahitaji majini kiasi hiki? Sababu moja ni ya kisanaa, nimekwisha kuitaja. Nyingine ni ya dola. China iliiondoa sheria ya uhuni iliyotumika dhidi ya wapenzi wa jinsia moja mwaka 1997, na mwaka 2001 ikayaondoa mapenzi hayo katika orodha ya maradhi ya akili. Lakini kanuni za mwaka 2016 ziliyazuia katika tamthilia za televisheni, na za mwaka 2017 zikafanya vivyo kwa vipindi vya intaneti. Ndiyo sababu *The Untamed*, tamthilia ya mwaka 2019 iliyotokana na riwaya hii, iliwafanya wapenzi wawili kuwa marafiki wa kufa na kuzikana. *Guardian*, ya mwaka 2018, iliyotokana na riwaya ya mwandishi Priest, iliondoa mapenzi na mizimu kwa pamoja. Wafu wakageuzwa viumbe wa sayari nyingine waishio chini ya ardhi. Mfano huu wa pili unafundisha: aliyejificha nyuma ya jini anaweza kuamka siku moja akakuta jini naye amepigwa marufuku.

Nasi tunaosikiliza kwa sikio la Kiswahili hatuna haki ya kuwatazama Wachina kwa mbali. Sheria za adhabu za Tanzania na Kenya bado zina vifungu vya enzi za ukoloni vinavyoadhibu vitendo hivi. Mahakama Kuu ya Kenya ilivithibitisha vya kwao tarehe 24 Mei 2019, na Uganda ikapitisha sheria kali zaidi mwaka 2023. Kiwakilishi chetu kisichotaja jinsia kimeuwezesha ushairi na taarabu kumwimbia muhibu bila kumtaja ni nani. Hilo ni pambo la lugha yetu, na pia ni maficho yetu. Katika mazungumzo ya kila siku mwenye mapenzi hayo huitwa kwa matusi, au kwa neno *shoga*, ambalo wanawake wa pwani waliitana kwa upendo kabla halijageuzwa fimbo. Tuna akina Mo Xuanyu wengi. Tunachokosa ni hadithi ambamo mmoja wao ananena kwa kinywa chake mwenyewe, pepo akiwepo au asiwepo.

Kwa hiyo sisemi kwamba muujiza uachwe. Fasihi yenye majini, mazimwi na kilinge haina sababu ya kuuazima uhalisia kama kwamba ndio ukweli pekee. Ninachodai ni kanuni ya kilinge: pepo anene, apewe haki yake, lakini kiti kirudi, kiulizwe hali. Mwandishi wa Kiswahili atakayeandika kisa hiki kwa ajili ya sikio ana vifaa vyote tayari: sarufi inayoliachia koo kazi ya kusema, hadhira iliyozoea kumtambua mgeni kwa sauti, na desturi inayokataza mwenye mwili asahauliwe.

Marobota yalipokuwa tayari siku ile, tulitembea pamoja hadi kwa msafirishaji. Njiani mwenzangu aliniuliza tena, kwa mzaha, yale majini yalifikia wapi. Nikamwambia kuna kijana alifukuzwa kwao, jini likaja likachukua mwili wake. "Na kijana mwenyewe?" akauliza. "Akaenda wapi?"

Alikuwa hajasikia hata dakika moja ya mchezo, naye aliuliza swali ambalo mchezo mzima haukuliuliza. Nilimwambia kwamba kijana hakurudi. Akatikisa kichwa, akasema hiyo si haki. Nilitaka kumweleza kijana alifukuzwa kwa kosa gani, lakini tulikuwa tumefika, na marobota yalikuwa yanapimwa.